Mtobe Usiolala

Watu wa Kitahana walimwita Mkamuaji, nami nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kukamua ndizi. Hapa kwetu ndizi za kukamua huivishwa shimoni kwa siku kadhaa, kisha humenywa na kukandwa kwa majani ya nyasi ndani ya hori la mti, mpaka zitoe maji matamu ya rangi ya asali. Maji hayo ndiyo mtobe. Ukinywewa siku hiyohiyo, mtobe ni kinywaji cha mtoto na cha mgonjwa. Ukiachwa ulale, hasa ukitiwa unga wa mtama, unaanza kuchacha, na baada ya muda mfupi ni pombe ya kuangusha wanaume njiani. Kati ya kinywaji kimoja na kingine hakuna kazi nyingine ya mikono ila kusubiri. Ndani ya kusubiri huko ndimo yule mama alimoiweka imani yake yote.

Nilimfahamu vizuri mwaka 2012, alipokuja kwenye darasa la ubatizo. Nilikuwa nimeshastaafu uinjilisti, lakini mchungaji aliniomba niendelee kufundisha wazee, kwa sababu vijana waliwafundisha kwa haraka mno. Mkamuaji alikuja na kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, akakaa benchi la mbele karibu na mlango. Alikuwa mjane, na nyumbani alikuwa akilea mjukuu wake mmoja, Yunisi, aliyebaki mikononi mwake tangu akiwa mchanga. Pombe yake wakati huo ilikuwa na sifa hadi Kasulu mjini. Madereva wa malori walikuwa wakisimama kwake kabla ya kusimama kwingine popote.

Wiki ya tatu ya mafundisho alinyoosha mkono.

"Mwalimu, nikibatizwa mimi, hori langu nalo linabatizwa?"

Darasa zima lilicheka. Nikamwambia hapana, hori ni mti tu, anayebatizwa ni mtu.

"Sawa," akasema. "Basi hilo hori itabidi nilichunge mwenyewe."

Kanisa letu linawataka waumini waache kupika na kuuza pombe. Wengi wakibatizwa hufyeka migomba na kupanda maharage, na wazee wa kanisa walimshauri afanye hivyo hivyo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa mapajani, halafu akawajibu kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake.

"Wazee wangu, Mungu alinikuta nakamua. Sasa mnataka akija tena anitafute kwenye maharage?"

Siku ya ubatizo, akiwa bado amelowa maji, aliomba kusema neno. Alisema kwamba kuanzia siku ile mtobe utakaotoka mikononi mwake hautalala. Utakaobaki jioni ataumwaga kwenye migomba. Akakaa. Hakuna aliyemtaka aseme hayo. Mimi mwenyewe, niliyemfundisha, nilidhani ni maneno ya furaha ya siku ile, yatakayopoa baada ya mavuno mawili.

Hayakupoa. Mitungi yake ya zamani ilikuwa imenywa pombe kwa miaka mingi, na kila mkamuaji anajua kwamba mtungi wa namna hiyo ukitiwa mtobe unauchachua mara moja. Hakuivunja. Aliiweka ubavu nyuma ya jiko, akaijaza majani makavu, na kuku wakahamia. Mtu akija kumuuliza kama kweli ameacha, alimpeleka nyuma akamwonyesha kuku ametulia ndani ya mtungi uliokuwa maarufu kuliko yote.

"Muulize huyo," alisema. "Ndiye mwenye nyumba sasa."

Nadhiri yake ilimfanya awe mtu wa haraka. Sisi wengine wa umri wake tulikuwa tumeanza kutembea polepole. Yeye alikuwa na kinywaji kinachomwangalia. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshapiga magoti mbele ya hori, na ukipita njiani ulisikia ndizi zikilalamika chini ya mikono yake na wimbo wa kanisa ukienda kwa mwendo wa kukanda, sio kwa mwendo wa kwaya. Saa tatu mtobe ulikuwa tayari. Kuanzia hapo alikuwa anatafuta midomo. Aliuza kwa waliokuja, na waliobaki aliwaita yeye. Watu wa shamba, watoto wanaotoka shule, mwenye baiskeli aliyepakia mkungu, mgeni asiyejua njia, wote kwa salamu yetu ya asubuhi.

"Mwakeye! Wewe mwenye koti, njoo unisaidie kazi!"

Mtu alisogea akidhani anaitwa kubeba kitu. Kazi yenyewe ilikuwa kunywa.

Arusi za kanisani kwetu zilihama kwa sababu yake. Zamani zilikuwa mchana, na chakula jioni. Yeye alikubali kukamulia arusi kwa sharti moja, kwamba watu wawe wamekaa mezani kabla ya saa saba. Basi watu wakaanza kufunga ndoa asubuhi, bwana arusi akiwa bado na usingizi machoni. Namkumbuka mchungaji wetu mmoja, mtu mwema lakini mwenye mahubiri marefu, alipofika nukta ya nne ya mahubiri ya arusi. Mkamuaji alisimama mlangoni na kibuyu mkononi. Mchungaji alimwona, akapoteza mstari, akautafuta, akamwona tena.

"Naona," akasema mchungaji, "niifupishe nukta ya tano."

"Na ya nne pia, baba," akajibu kutoka mlangoni.

Lakini katika salamu hakuwa na haraka hata kidogo. Sisi Waha tunasalimiana kwa kirefu, na wanawake wazee hupiga makofi taratibu wakiuliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Yeye aliongeza swali lake moja mwishoni, baada ya yote: "Na Mungu, mmezungumza leo?" Aliuliza vilevile alivyouliza habari za ng'ombe. Ukisema ndiyo, alitaka kujua mmezungumza nini. Ukisema bado, alikwambia, "Haya, usimkalie kimya, atadhani umenuna," na salamu ikaendelea. Nimejifunza theolojia kwa miaka mitatu chuoni, na sijaulizwa swali lililonisumbua kama lile, asubuhi, njiani, nikiwa na jembe begani.

Sala zake mwenyewe zilikuwa fupi, na nyingine sikuwa na hakika kama ni sala. Mwaka 2013 mnyauko uliingia kwenye migomba ya upande wetu. Majani yanageuka njano, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukiikata ndizi, ndani ni nyeusi na inatoa usaha. Bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba akiagiza migomba iliyougua ing'olewe na mashina yake, na panga lipitishwe kwenye moto kila baada ya mgomba mmoja, lisibebe ugonjwa kwenda mwingine. Wengi tulichoma panga mgomba wa kwanza na wa pili, halafu tukachoka. Yeye aliweka jiko la mkaa katikati ya shamba akachoma panga kila mgomba mpaka wa mwisho. Nilikwenda kumsaidia. Nusu ya kwanza ya shamba aling'oa akiimba. Nusu ya pili aling'oa akigomba.

"Hii ulinipa mwenyewe," nilimsikia akisema, na hakuwa anasema na mimi. "Sikuiba. Ungesema mapema ningepanda mihogo." Akalipitisha lile panga kwenye moto, akageuza upande wa pili. "Haya. Bado nipo. Lakini leo sina wimbo."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani na kukaa mahali pake karibu na mlango. Alipanda upya machipukizi safi aliyopewa na bwana shamba, na kwa mwaka mzima alikamua ndizi alizonunua kwa wengine, kidogo kidogo. Wakati ule ingekuwa rahisi kurudi kwenye pombe, maana pombe inahitaji ndizi chache kwa faida kubwa. Nilimuuliza kama wazo hilo lilimjia.

"Lilikuja," akasema. "Nikalipatia kiti, nikalisikiliza, likaondoka. Unadhani mimi ni jiwe, Mwalimu?"

Hakuwa jiwe. Ulimi wake ulikuwa mkali, na alikuwa na majivuno ya kazi yake ambayo ubatizo haukuyagusa. Ukimsifia mtobe wa mwanamke mwingine mbele yake, aliuliza kama yule mwanamke bado anatia maji. Tena alikuwa na ugoro. Alikuwa akivuta ugoro kwa siri zaidi ya miaka miwili baada ya kubatizwa, siri ambayo benchi la mbele lote liliipigia chafya. Siku moja nikaona ni wajibu wangu kumwambia.

"Mwalimu, mimi ni nyumba yenye vyumba vingi. Bwana anafagia kimoja kimoja. Hicho cha ugoro hajakifikia. Wewe ukitangulia kuingia, mtagongana mlangoni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikaacha. Mwishoni mwa mwaka 2014 aliacha ugoro bila kumwambia mtu. Tulijua kwa sababu chafya zilikwisha.

Walevi hakuwahukumu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alipita kwake karibu kila siku akitoka vilabuni, na kila siku walikuwa na kesi ileile.

"Shemeji, Yesu aligeuza maji kuwa divai arusini, tena nzuri. Wewe mtobe unataka kugeuka wenyewe, unaukataza! Wewe na yeye nani Mkristo?"

"Yule alikuwa Yesu. Aliwajua wote aliowanywesha na nyumba zao. Mimi nikikunywesha wewe, nani atakutoa mtaroni?"

"Utanitoa wewe."

"Nimeshakutoa mara ngapi? Kaa hapo, kunywa huu, hautakulaza popote."

Alikunywa, akilalamika kwamba ni maji ya watoto, na akaongezwa.

Na kulikuwa na nesi wa zahanati, mama Mwislamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, ambaye mwanzoni alikuwa mpweke sana, maana Kiha hakukijua na baridi ya huku ilimtesa. Mfungo wa Ramadhani ulipofika, Mkamuaji alitambua kwamba mtobe wa saa tatu asubuhi haumfai mtu anayefungua magharibi. Kwa mwezi ule mzima alibadilisha ratiba yake. Alikamua mara ya pili alasiri, kibuyu kimoja tu, ili kimfikie nesi kikiwa kibichi jua linapozama. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza kama ni sawa kuhudumia saumu ya watu wengine.

"Yeye anamngojea Mungu tangu alfajiri bila maji," akasema. "Mimi ninamngojea nimekunywa chai. Nimpelekee tu."

Sasa nije kwenye jambo la Yunisi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yunisi alikua, akasoma ualimu, akapangiwa shule upande wa Kasulu, na huko akapendana na kijana wa Muyama, mkulima wa kahawa, mtu mtaratibu na msikivu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mambo yakafikia pa kukutana wakubwa. Mkamuaji aliniomba niwe msemaji wa upande wake, kwa kuwa hakuwa na kaka aliyebaki.

Kwetu, siku ya wakwe, kinywaji ndicho kinachofunga neno. Wazee wa pande mbili huwekewa mtungi mmoja katikati, kila mmoja na mrija wake, wakanywa pamoja. Wakishanywa wamekubaliana. Wasipokunywa, mengine yote yaliyosemwa ni hewa. Na kinachonywewa ni pombe. Mkubwa wa upande wa kijana, baba yake mkubwa, alikuwa mzee maarufu wa Muyama, mkamuaji yeye mwenyewe tangu ujana wake, na alishasema wazi kwamba kwenye mtungi wa mtobe hatatia mrija, kwa sababu hajaja kunyonyeshwa. Kijana alimsihi. Mimi nilimpigia simu mara mbili. Mwisho akasema atakuja kwa heshima ya kijana, lakini hakuahidi kunywa.

Mkamuaji hakuogopa. "Akiuonja atakunywa," alisema. "Tatizo la watu wanaokataa mtobe ni kwamba wanaukumbuka wa utotoni, uliokamuliwa na wasiojua." Alitumia mkungu wa kila mgomba uliokomaa katika shamba lake alilolipanda upya. Hakubakiza hata mmoja. Siku ya Ijumaa, ambayo wakwe walitarajiwa, alianza kukanda alfajiri, na saa nne mitungi miwili mipya ilikuwa imejaa, mtobe mzuri kuliko wowote niliowahi kuona kwake.

Saa tano mvua ikaanza. Saa saba simu yangu ikalia.

"Mwalimu," alisema yule mzee wa Muyama, sauti ikikatika kwa upepo, "barabara imekatika mbele ya Kasulu. Malori yamekwama, hakuna anayepita. Tunalala mjini, tutafika kesho asubuhi."

"Poleni sana, baba."

"Tumeshapoa. Tena sikia," akaanza kucheka. "Mtobe wenu mlishaukamua?"

"Umeshakamuliwa."

"Basi mvua imetusaidia! Uacheni hapo hapo, msiuguse. Kesho tunaukuta una adabu. Mwambie mama mkwe, nikikuta kitu cha wazee nakunywa na neno linaisha. Nikikuta mtungi mtupu, nitajua hamtutaki, nageuza gari."

Nilimfikishia maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa amekaa jikoni pamoja na Yunisi na jirani yake, Mama Zakayo, mwanamke ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi na ambaye aliolewa hapa hapa Kitahana. Mama Zakayo ndiye aliyeanza.

"Dada, hii si Mungu mwenyewe? Wewe hujapika pombe. Hujatia mtama. Umekamua vizuri asubuhi, mvua ikanyesha. Iliyopika ni mvua."

"Mvua haijabatizwa," akasema Mkamuaji. "Mimi nimebatizwa."

"Lakini huna ndizi nyingine! Shamba zima liko kwenye hiyo mitungi!"

"Najua, mimi ndiye niliyezikata."

Akanigeukia mimi. Na hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa mtu akiandika habari za mwenye imani asijifiche nyuma yake. Nilimtazama Yunisi, aliyekuwa akikunja na kukunjua kitambaa, na moyo wangu ukalegea. Nikasema kwamba Mungu anaangalia nia, kwamba kuna nyakati, kwamba nadhiri ile hakuna mtu aliyemtaka aiweke. Nilisema vizuri. Nilikuwa na maneno mengi yaliyopangika.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama alivyowasikiliza wazee wa kanisa.

"Mwalimu," akasema, "ingekuwa shauri la pombe tu, ningekusikiliza. Lakini mimi nilimwambia Mungu kitu kimoja tu maisha yangu yote. Watu wengine wamemwambia mengi. Mimi ni hicho kimoja. Nikikitoa, kesho nikimsalimia nitamwambia mimi nani?"

Kisha akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikashuka. "Ndoa ni yako, si yangu. Sema wewe. Ukinililia nitaumia sana. Sijui nitafanya nini."

Yunisi aliweka kitambaa chini, mvua ikipiga bati.

"Bibi," akasema, "mimi nimelelewa na mtobe usiolala. Nikienda kuolewa na uliolala watanijuaje?" Halafu akalia, akacheka, akalia tena. "Lakini kijana wa watu nampenda, Bibi. Omba sana."

"Nitaomba. Sasa shika kibuyu, jua halisubiri."

Mvua ilipopungua waliugawa mtobe wote. Ilikuwa kama sikukuu isiyo na jina. Shule ilikuwa inatoka, na watoto walipanga mstari kwenye matope. Waliokwama na malori upande wetu waliletewa kwa ndoo. Nesi alipelekewa kwa ajili ya wagonjwa. Shemeji mlevi alikunywa vibuyu vitatu huku akiomboleza kwamba anashuhudia mauaji. Kilichobaki chini ya mtungi wa pili, kama bakuli mbili, Mkamuaji alikimwaga kwenye migomba kabla giza halijaingia, akaosha mitungi, akaifunika.

Asubuhi Mama Zakayo, yule aliyetetea mvua, alikuwa wa kwanza kufika, na ndizi kichwani. Alikuwa amezunguka nyumba kumi na moja. Aliyekuwa na ndizi zilizoivia shimoni alitoa, na asiye nazo alitoa za kula, zile ndogo tamu ziitwazo kisukari, zozote zilizoiva. Wanawake wa kanisa wakakaa kumenya, na vijana wa kanisa wakaja kusaidia kukanda. Ulikuwa mchanganyiko ambao hakuna mkamuaji angeutaka, na Mkamuaji alipiga magoti mbele yake akiwa na uso wa mtu anayelisha wageni makombo.

Gari la wakwe lilifika saa nne, limepakwa matope mpaka kwenye vioo. Yule mzee alishuka na koti lake zuri na mrija wake umefungwa kwenye kitambaa. Nikamwendea. Tukasalimiana kwa kirefu. Halafu nikamwambia ukweli wote bila kuupamba, na nikamwambia pia kwamba mimi nilishauri vingine.

"Ngoja," akasema. "Jana ulikuwepo. Leo ungekuwa umefika mahali pake. Nanyi mkawapa watoto wa shule?"

"Na madereva," nikasema.

Aliangalia mitungi mitupu. Akamwangalia kijana wake, aliyekuwa amekaza macho chini, akageuka, akaanza kurudi kwenye gari. Dereva akawasha. Yunisi alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Mkamuaji hakuinuka kumfuata, hakumwita. Aliendelea kukanda. Nilimwona akifumba macho kidogo, midomo ikitikisika, na mikono haikusimama.

Yule mzee alifika mlangoni mwa gari akasikia wale vijana wa kanisa waliokuwa wakimsaidia bibi upande wa pili wa hori. Alisikia sauti ya kukanda kwao. Akageuka.

"Nani amewafundisha hivyo?" akapaza sauti. "Majani ni machache mno! Mnasonga ugali? Hiyo ni kisukari, ukiibana hivyo inakuwa uji!"

Vijana wakasimama. Mkamuaji peke yake hakusimama.

"Mkwe," akasema bila kuinua kichwa, "mimi nina mikono miwili, na shida ya kisukari naijua. Wewe yako ni ya kusemea tu?"

Mzee alitazama hori. Alitazama gari. Kisha akavua koti, akampa kijana wake alishike, akakunja mikono ya shati, akaomba maji ya kunawa.

Walikanda pamoja muda wa saa moja na zaidi, wazee wawili wamepiga magoti wakitazamana juu ya hori, wakigombana juu ya kila kitu. Mkamuaji alitaka majani marefu, mkwe akataka mafupi. Yeye alisema Muyama hawajui kukamua, yule akasema Kitahana hawajui kuivisha. Wanawake wakaanza wimbo, na yule mzee, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, akaushika mwendo wake kwa mikono. Mtobe ulipoanza kutoka, kidogo kwanza, halafu kwa wingi, alinyamaza katikati ya sentensi na kuinama kuutazama.

Haukuwa mzuri kama wa Ijumaa. Ulijaa nusu mtungi tu. Tuliuweka katikati, tukakaa wazee wa pande mbili, na mimi nikasema maneno ya kumkabidhi binti, kisha nikasubiri. Mzee alifungua kitambaa, akatoa mrija, akaushikilia mkononi. Watu wote walitazama ule mrija.

"Nilisema sitakunywa nisichopewa kama mzee," akasema. "Lakini hiki sikupewa. Hiki nimekikamua mwenyewe. Siwezi kukataa kazi ya mikono yangu." Akautia mrija mtungini, akavuta, akavuta tena. "Binti ni wetu."

Sijui vigelegele vile vilisikika hadi wapi. Mama Zakayo alimkumbatia Yunisi wakaanguka wote wawili kwenye maganda ya ndizi.

Saa nane wakwe walianza kujiandaa kuondoka, kwa kuwa barabara ilikuwa bado mbaya. Mzee wa Muyama alikuja kuaga akiwa na dumu dogo alilolitoa ndani ya gari, ameshalisuuza.

"Mama mkwe," akasema kwa sauti ya chini, "nijazie kidogo. Cha njiani tu."

Mkamuaji alilitazama lile dumu, akamtazama usoni kwa upendo mwingi.

"Mpaka ufike Muyama kesho umeshageuka, mkwe. Kaa chini uumalize hapa."

Mzee alicheka, akaliweka dumu pembeni, akamwambia dereva azime gari. Akakaa.